Peni Moja kwa Juma

  

Katika makanisa yetu mengi kuna mkutano wa nyumbani katikati ya juma. Wengine huuita ushirika, wengine kikundi cha maombi, na wengine huutaja kwa jina la mzee wa kanisa anayeuangalia mtaa ule. Watu kumi, au kumi na watano, hukutana katika nyumba ya mwenzao. Huimba, husoma Neno, huomba, kisha chai huletwa. Na mara kwa mara mtu huuliza, "Jumapili tumekwisha kwenda kanisani. Tumeimba, tumehubiriwa, tumetoa sadaka. Mkutano huu mwingine ni wa nini?"

Swali hilo si baya. Mtu asiyejua kazi ya jembe huenda akalitumia kuegemezea mlango, na mlango usifunguke tena na upepo, naye akaridhika. Lakini shamba lake litajaa magugu. Basi leo napenda tulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutazame jinsi wenzetu waliotutangulia walivyokutana katika vikundi vidogo, na jambo walilolipata humo ambalo hawakulipata penginepo.

Tuanze na Maandiko. Kanisa la kwanza halikuwa na majengo yake. Katika Matendo ya Mitume sura ya 12 twaona waumini wakiomba usiku nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, na Petro alipotolewa gerezani alijua ni mlango upi wa kubisha. Huko Filipi, Lidia mwenye kuuza zambarau aliwafungulia mitume nyumba yake. Paulo alipowaaga wazee wa Efeso, katika sura ya 20, aliwakumbusha kwamba alikuwa amewafundisha hadharani na pia nyumba kwa nyumba. Katika Warumi sura ya 16 alilisalimu kanisa lililokutana katika nyumba ya Priska na Akila, na katika barua yake kwa Filemoni alilisalimu kanisa lililokuwa katika nyumba ya mzee huyo.

Kukutana nyumbani, basi, si desturi ngeni. Lakini tusifikiri kwamba nyumba peke yake inatosha. Katika 1 Wakorintho sura ya 11, Paulo anawakemea watu waliokutana pamoja, kila mmoja akaharakisha kula chakula chake mwenyewe, huyu akalewa na yule maskini akabaki na njaa. Walikuwa pamoja, lakini hapakuwa na aliyemwona mwenzake. Kumbe watu waweza kukaa katika chumba kimoja, hata magoti yao yakagusana, na bado wasijuane.

Sasa na tuende nchi ya Uingereza, katika kijiji cha Epworth, mwaka 1712. Kasisi wa huko, Samuel Wesley, alikuwa London kwa ajili ya baraza la kanisa, naye mkewe Susanna alibaki nyumbani na watoto. Jumapili jioni mama huyo aliwakusanya watoto wake na watumishi wa nyumba, akaongoza sala na kuwasomea mahubiri. Kijana mmoja mtumishi aliwaeleza wazazi wake, nao wakaomba ruhusa ya kuja. Kisha wakaja majirani. Hazikupita siku nyingi nyumba ile ikawa na watu wapatao 200, na wengine wakarudi kwao kwa kukosa nafasi.

Kasisi msaidizi hakufurahi. Malalamiko yalifika London, na Samuel akamwandikia mkewe akimtaka aache. Susanna alimjibu kwa heshima, lakini bila kutetemeka. Alisema kwamba miongoni mwa hao waliokuja walikuwamo watu ambao zamani hawakuonekana kanisani kabisa. Tena alisema kwamba, ikiwa mumewe anataka mkutano ukome, asimwambie tu kwamba anapendelea ukome. Na ampe amri kamili, ili siku ile watakaposimama mbele ya kiti cha hukumu, lawama ya kuziacha roho hizo isiwe juu yake yeye Susanna.

Katika nyumba ile alikuwamo mtoto wa miaka 8. Jina lake lilikuwa John.

John Wesley alikua, akasoma Oxford, akawa kasisi kama baba yake. Alivuka bahari kwenda Georgia, huko Marekani, kuhubiri, akarudi akiwa amevunjika moyo. Tarehe 24 Mei 1738, wakati wa alasiri, alikuwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London, jengo lenye fahari kubwa, akasikiliza waimbaji. Jioni ya siku iyo hiyo alikwenda, bila hamu, kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate. Mtu mmoja alikuwa akisoma maneno ya Martin Luther juu ya Waraka kwa Warumi. Hapo, kiasi cha saa tatu kasorobo usiku, Wesley aliuona moyo wake ukipata joto, akajua ya kwamba Kristo amemwondolea dhambi zake, hata zake yeye. Angalieni, wapendwa: kanisa kuu alikuwa ametoka saa chache tu zilizopita, lakini moyo ulipata joto katika chumba kile kidogo.

Mwaka uliofuata, 1739, mwenzake George Whitefield alimwita Bristol. Huu ulikuwa mji wa bandari, na karibu nao, mahali paitwapo Kingswood, walikuwako wachimba makaa ya mawe, watu ambao kanisa lilikuwa halijawashughulikia sana. Kwa kuwa hawakuja kanisani, Whitefield aliwahubiri uwanjani, naye Wesley, ingawa mwanzoni aliona haya, akafanya vivyo hivyo. Maelfu walikuja. Wengi walilia machozi ya toba. Mwezi wa Mei mwaka huo Wesley alianza kujenga nyumba ya kukutania hapo Bristol, nayo ikaitwa Chumba Kipya.

Ninyi mliowahi kujenga kanisa mwajua kilichofuata. Kilichofuata ni deni.

Tarehe 15 Februari 1742 viongozi wa kundi la Bristol walikaa na Wesley kushauriana jinsi ya kulilipa deni hilo. Mmoja wao, ambaye historia humtaja kwa jina la Kapteni Foy, alisimama akapendekeza kwamba kila mshiriki atoe peni moja kwa juma mpaka deni liishe. Shilingi ya Kiingereza wakati ule ilikuwa na peni 12, kwa hiyo peni moja haikuwa fedha nyingi. Hata hivyo mtu mwingine alipinga. Alisema wengi wao ni maskini, hawaiwezi hata peni moja.

Hapo yule wa kwanza alitoa jibu ambalo lastahili kukumbukwa katika kila kamati ya fedha ya kanisa. Alisema apewe yeye watu 11 walio maskini kabisa. Atawatembelea kila juma. Wakiwa na kitu cha kutoa, vema. Wasipokuwa nacho, yeye mwenyewe atawatolea pamoja na peni yake. Tena akawaomba wenzake wafanye vivyo hivyo, kila mmoja kwa majirani zake 11. Basi watu waligawanywa katika vikundi vya watu 12, mmoja wao akiwa kiongozi. Vikundi hivyo viliitwa madarasa, ingawa havikuwa na ubao wala chaki.

Shauri lilikuwa la fedha tu. Hapakuwa na aliyesema, "Natuanzishe njia mpya ya kuchunga kondoo." Walitaka kulipa deni. Lakini kiongozi anayezunguka kila juma katika nyumba 11 hawezi kuona peni peke yake. Alipobisha mlango, aliona watoto wasio na chakula. Aliona mke aliyefumba macho yake yaliyovimba. Alimkuta yule mwanamume aliyelia machozi ya toba uwanjani, sasa amelewa mchana. Alimkuta bibi mzee mgonjwa ambaye kwa majuma mengi hapana mtu aliyejua kwa nini haonekani.

Mmoja wa viongozi alikwenda akamweleza Wesley kwamba katika kukusanya fedha amegundua ya kuwa mtu fulani haishi jinsi ipasavyo. Wesley alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia papo hapo: hili ndilo jambo ambalo tumelihitaji muda mrefu. Kwa miaka mitatu alikuwa amehubiri kwa maelfu, na alikuwa na orodha ya majina. Lakini hakuwa na njia ya kujua kama mtu aliyeandikwa katika orodha amelala na njaa, au amerudia pombe, au amekata tamaa. Peni ndiyo iliyowafungulia viongozi milango ya nyumba, na roho za watu zikaonekana. Tangu siku hiyo aliwaagiza viongozi wawaulize watu habari za mwendo wao, pamoja na kupokea peni. Mwezi wa Machi mwaka huo huo mpango ule ulianza pia London.

Mwanzoni kiongozi alikwenda nyumba kwa nyumba peke yake. Upesi matatizo yalionekana. Kwanza, kazi ilimchukulia muda mwingi, naye alikuwa mtu mwenye kazi yake. Pili, wengine walikuwa watumishi katika nyumba za watu wasiopenda mgeni abishe hodi, au walipoonekana kiongozi hakupewa nafasi ya kusema nao faraghani. Tatu, watu wawili walipokosana, kila mmoja alieleza upande wake, na kiongozi akabaki katikati hajui ukweli uko wapi. Kwa hiyo waliamua kwamba wote 12 wakutane pamoja mara moja kwa juma. Hapo waliokosana waliketi uso kwa uso. Aliyesingiziwa alipata nafasi ya kujitetea. Aliyekosa alionywa kwa upole na watu wanaomjua. Na mwisho wa yote waliomba pamoja.

Ndugu zangu, hivyo ndivyo mkutano ule wa katikati ya juma ulivyozaliwa miongoni mwa Wamethodisti. Natujiulize sasa: kazi yake ilikuwa nini hasa? Naona mambo matatu.

La kwanza, kila mtu alijulikana kwa jina, na asipokuja alitafutwa. Katika mkutano wa watu elfu moja, mmoja akikosekana watu hawatambui. Katika kikundi cha watu 12, kiti kimoja kikiwa kitupu kila mtu anakiona. Bwana wetu katika Luka sura ya 15 alisimulia habari za mchungaji mwenye kondoo 100 aliyempoteza mmoja. Lakini hebu fikirini: mchungaji yule alijuaje kwamba mmoja amepotea? Aliwahesabu. Asiyehesabu hawezi kutafuta.

La pili, dhambi ilishughulikiwa ingali ndogo. Tusidhani kwamba Wesley alifanya mzaha na jambo hili. Mwaka 1743 aliwapa watu wake kanuni tatu: wasitende mabaya, watende mema kadiri wawezavyo, na wadumu katika ibada, Neno, sala na Meza ya Bwana. Kila miezi mitatu mshiriki alihojiwa, na aliyeendelea vema alipewa tikiti mpya. Mwaka huo huo, huko Newcastle, Wesley aliandika kwamba watu 64 waliondolewa katika ushirika, akaeleza na sababu. Watu 17 waliondolewa kwa ajili ya ulevi. Wengine walikuwa wagomvi, waongo, au wauza pombe kali. Mmoja aliondolewa kwa kumpiga mkewe. Lakini kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la watu 29, na kosa lao lilikuwa wepesi na uzembe: hawakujali. Basi uzembe uliwaondoa watu wengi kuliko ulevi. Jambo hilo nimelitafakari mara nyingi.

La tatu, watu wa kawaida walipewa kazi ya Mungu. Viongozi wa madarasa hawakuwa makasisi. Walikuwa washona viatu, wenye maduka, askari, wake wa wachimba makaa. Wanawake pia waliongoza madarasa, na hilo lilikuwa jambo kubwa katika karne ya 18. Mtu ambaye kanisani aliketi nyuma kabisa alijifunza kuomba kwa sauti, kumfariji mfiwa, na kumwonya ndugu bila kumvunja. Wachungaji wa kusafiri walikuja wakaondoka, lakini kiongozi wa darasa alibaki kijijini.

Je, vikundi vile vilizaa matunda? Mwaka 1763 Wesley alipita sehemu za Pembrokeshire, huko Wales, mahali palipokuwa pamehubiriwa sana kwa muda wa miaka 20, lakini watu hawakuunganishwa katika madarasa. Alikuta wengi wao wamelala usingizi tena. Akasema maneno makali: kuhubiri bila kuwaunganisha watu walioamshwa ni kama kumzalia mwuaji watoto. Husimuliwa pia kwamba George Whitefield, aliyekuwa mhubiri mwenye kipawa kuliko wote wa wakati ule, alikiri mwishoni kwamba Wesley alifanya kwa hekima kuwaunganisha watu wake, na kwamba watu wake mwenyewe walikuwa kama kamba iliyosokotwa kwa mchanga. Wesley alipofariki tarehe 2 Machi 1791, washiriki katika Uingereza na Ayalandi walikuwa zaidi ya 70,000, kila mmoja na jina lake katika kitabu cha darasa.

Lakini historia haisemi mazuri tu. Katika karne ya 19 madarasa mengi yalipoa. Maswali yaliulizwa kwa mazoea na kujibiwa kwa mazoea. Tikiti ilitolewa, fedha ikapokelewa, na mtu akaenda zake bila kuguswa. Mlango ulibaki, lakini hapakuwa na aliyeingia ndani.

Huenda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani." La, hayako mbali nasi. Wamisionari wa Kimethodisti walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, na mfano wa madarasa ukaja pamoja nao. Tena sisi wa Afrika Mashariki tumeona jambo linalofanana na hilo kwa macho ya wazazi wetu, wala halikuletwa na meli.

Mwezi wa Septemba mwaka 1929, mjini Kampala, daktari mmoja Mwingereza aitwaye Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa na kiu. Walikaa pamoja na Biblia zao, wakasoma na kuomba. Watu wawili tu, mweusi na mweupe, katika siku ambazo watu wa namna hiyo hawakuketi hivyo pamoja. Daktari akarudi Gahini, na katika miaka iliyofuata moto ukawaka huko. Blasio Kigozi, ndugu yake Simeoni, alikuwa mmoja wa mashahidi wake mpaka alipofariki mwaka 1936. Mwaka 1935 ulifanyika mkutano mkubwa Kabale, na mwaka 1937 ndugu kutoka huko walikuja Kenya, wakashuhudia Kabete.

Mikutano mikubwa ya Uamsho twaikumbuka sana, kwa ajili ya nyimbo na umati wa watu. Lakini Uamsho haukuishi kwa mikutano mikubwa. Uliishi katika ushirika mdogo wa kila juma, nyumbani, shuleni, chini ya mti. Humo Mwanglikana, Mpresbiteri na Mmethodisti waliketi pamoja bila kuyaacha makanisa yao. Humo mtu alisema ukweli juu ya maisha yake, jambo waliloliita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana sura ya 1. Aliyeiba alirudisha. Aliyemchukia ndugu yake alikwenda kumwomba msamaha. Wengine walipungukiwa na upole, wakawahukumu wenzao na kusababisha mafarakano. Hilo nalo lilikuwako, tusilifiche.

Kisha jaribio likaja. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari hapa Kenya. Katika sehemu za Kati watu walitakiwa kula kiapo, na upande wa pili walitakiwa kushika bunduki za serikali. Wengi wa ndugu wa Uamsho walikataa kiapo, na wengi wao walikataa na bunduki pia. Walichukiwa na pande zote mbili. Wengine walipigwa, wengine wakauawa. Simwiti mtu yeyote kuamua leo juu ya siasa za siku zile. Jamaa nyingi zina makovu kutoka pande zote. Nauliza hili tu: mwanamke yule wa kijijini, aliyebishiwa mlango usiku, alipata wapi nguvu za kusema hapana? Mahubiri ya Jumapili yalimsaidia, bila shaka. Lakini usiku ule alijua pia kwamba wako watu kumi wanaojua jina lake, wanaomwombea wakati huo huo, na watakaowachukua watoto wake kukipambazuka. Kutoka katika ushirika wa namna hiyo alitoka Obadiah Kariuki, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, mmoja wa maaskofu wa kwanza Waafrika wa Kanisa la Anglikana hapa Kenya.

Sasa, ndugu msikilizaji, natuzitazame nyumba zetu wenyewe.

Watu wa Bristol walianza na peni wakafika kwenye roho ya mtu. Nahofu kwamba vikundi vyetu vingi vimeanza na roho ya mtu vikafika kwenye peni, na hapo vikakaa. Nasema hivi kwa upendo. Neno husomwa kwa dakika kumi. Sala huombwa. Kisha daftari hufunguliwa: mchango wa harusi, mchango wa matanga, mchango wa paa la kanisa, zamu ya mwenye kupokea fedha za mzunguko, na deni la mwezi uliopita. Majina husomwa kwa sauti, aliyetoa na asiyetoa. Baada ya hapo huja chai, na kila mama hujitahidi chai yake isishindwe na ile ya juma lililopita, hata ikiwa ni kwa kukopa sukari na maziwa.

Sisemi michango ni mibaya. Kuchangiana ni kuchukuliana mizigo, na Wagalatia sura ya 6 yatuagiza hivyo. Maiti huzikwa kwa heshima na watoto huenda shule kwa sababu ya daftari hizo. Lakini yuko mjane mmoja aliyesomwa jina lake mara mbili hana kitu. Mara ya tatu hakuja. Yuko kijana aliyepoteza kazi. Yuko mama ambaye zamu ya kuwapokea wageni ilipomkaribia alisema ana safari, na safari hiyo haikuwako. Hawakuiacha imani. Walikimbia aibu. Nasi twaandika katika daftari, "Hakuhudhuria," tukaenda kwa jina linalofuata.

Kapteni Foy angefanya nini? Angesema, "Huyo nipeni mimi." Angekwenda nyumbani kwake. Akiwa hana peni, angeitoa yeye bila kumtangaza. Na akiisha kuketi juu ya kigoda chake na kumsikiliza, angejua shida yake halisi ni nini.

Basi nashauri mambo machache, ambayo kila kikundi chaweza kuyafanya juma hili. Daftari la fedha na litangulie au lifuate, lakini lisimeze wakati wa Neno na wa kuulizana hali. Asiye na kitu asisomwe mbele ya watu. Chai na iwe chai tu, na atakayeweza maji peke yake apokewe kwa furaha ile ile. Linalosemwa kwa machozi ndani ya nyumba lisitoke nje ya mlango, kwa maana umbeya umeua vikundi vingi kuliko mateso. Kikundi kikizidi watu kumi na watano, kigawanywe, ili mtu asipate nafasi ya kujificha ndani yake. Na mwisho wa kila mkutano kiongozi aulize swali moja: "Nani hayuko leo, na nani kati yetu atakwenda kumwona kabla ya Jumapili?"

Swali hilo, wapendwa, ndilo kazi yote ya kikundi kidogo. Mahubiri tutayapata kanisani, hata redioni. Lakini redio haiwezi kujua kwamba wewe hukulala jana usiku. Sauti yangu yakufikia nyumbani mwako, wala mimi siwezi kuuona uso wako. Yahitajika jirani abishe hodi.

Huenda wewe unayesikiliza ndiwe kiti kile kitupu. Umeacha kwenda, na hapana aliyekuja. Nakusihi usingoje zaidi. Rudi juma hili, hata mikono mitupu. Na ninyi mliobaki, msingoje arudi mwenyewe. Mwajua njia ya kwake.

Natuombe. Ee Bwana Yesu, Mchungaji Mwema, wewe uwajuaye kondoo zako kwa majina, utusamehe kwa kuwa tumehesabu fedha tukasahau kuwahesabu ndugu zetu. Wakumbuke walioketi peke yao leo. Wafungue midomo wenye aibu, na miguu yetu uielekeze kwenye milango yao. Bariki kila nyumba itakayofunguliwa kwa ajili yako juma hili, iliyo na zulia na iliyo na sakafu ya udongo. Twaomba kwa jina lako takatifu. Amina.